Gereji ya Msomaji: XJR inateleza ikipanda Igawilo

*Ugonile fundi, na shikamoo. Nina Yamaha XJR1300, nimeinunua Dar kwa mtu aliyeitoa Japani. Tambarare haina neno. Nikitoka Uyole kupandisha Igawilo kurudi nyumbani, mama watoto yuko nyuma, gia ya tano, nikivuta mafuta mshale wa mizunguko unapanda wenyewe, spidi iko palepale. Fundi wa huku anasema ninunue klachi ya mashindano, seti nzima, na springi mbili. Bei yake imenitoa jasho. Au aikaze tu iliyopo? — Msomaji, Tukuyu*

Marahaba mdogo wangu, ndaga fijo kwa kueleza vizuri. Mshale kupanda huku spidi imegoma, hiyo ni klachi kuteleza. Ila kabla hujatoa hata shilingi, mara ya mwisho ulimimina oili gani humo ndani?

Nauliza kwa sababu klachi yako inaoga kwenye oili ileile ya injini. Oili nyepesi za magari ya siku hizi, zile 0W-20 na 5W-30 za kubana matumizi ya mafuta, nyingi zina dawa ya kupunguza msuguano. Injini inaipenda, klachi inaumia. Geuza kopo, tafuta maandishi JASO MA au MA2, alama za oili ya klachi inayooga. Ukikuta MB, irudishe dukani, hiyo ni ya skuta ambazo klachi yake haimo kwenye oili. Kuna kijana wa Mbalizi alikuja kwangu na hela ya pleti za klachi mfukoni. Nikamwaga oili, nikaweka MA2, baada ya wiki nikairudia tena, akaondoka na hela yake. Si kila pleti hupona hivyo, lakini anza hapo.

Halafu asikudanganye mtu kwamba nguvu za injini zimeizidi klachi. XJR ikiwa chini pwani ina farasi kama 100. Hapa Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Zimepungua na bado inateleza! Basi kuna kitu kimechoka, na kwenye XJR mimi hushuku springi kwanza. Haina zile springi ndogo nne au sita ulizozoea kwenye bodaboda. Ina moja tu, sahani ya chuma iliyobinuka kama kawa, na kwa miaka inalegea. Ni udhaifu wake unaojulikana.

Kwa hiyo nunua springi moja ngumu zaidi ya umbo hilohilo, na pleti mpya za kawaida kama za zamani zimelika. Kupandanisha mbili nimewahi kumfanyia mteja, na najuta. Klachi ilishika kweli, lakini kwenye foleni ya Mwanjelwa jioni vidole vilimfa ganzi, na haikupita miezi mingi sili ya pistoni ya chini, ile inayosukuma klachi, ikaanza kuvuja. Seti ya mashindano nayo nyingi hukamata kwa kushtua. Mama watoto atakushukia Kiwira apande Coaster.

Siku ya kufungua, egesha pikipiki kwenye stendi ya pembeni, ilalie kushoto. Klachi iko kulia, oili itakimbilia upande wa pili, utatoa mfuniko bila kumwaga tone. Pleti za chuma zilaze moja moja juu ya kioo cha dirisha. Yenye rangi ya bluu imeungua, inayocheza kama sahani ya bati imepinda, zote hizo pembeni. Pitisha ukucha kwenye meno ya kile kikombe kinachobeba pleti: ukinasa kwenye vishimo, klachi itakuwa inaachia kwa kusitasita hata ukiweka springi ya dhahabu. Pleti mpya zilaze kwenye oili usiku kucha. Mimi nilizifunga kavu mara moja, ujana na haraka, zikanuka kabla sijamaliza mlima wa kwanza wa kwenda Chunya. Bolti za springi zikaze kwa kupishana, kidogo kidogo, kwa spana ya kipimo. Zinaingia kwenye aluminiamu, na aluminiamu ikichanika utanitafuta.

Sasa hilo la "kukaza". Kwako hakuna cha kukaza: klachi inasukumwa na mafuta ya breki, si waya. Kile kigurudumu kwenye liva kinasogeza liva karibu na vidole, basi. Ila fungua kile kitanki cha juu cha mafuta hayo, karibu na liva. Klachi ni kinyume cha breki: pleti zikilika, mafuta yanapanda. Kama kuna mtu alijaza hadi kwenye mfuniko, yakipata moto hayana pa kwenda, yanaibonyeza klachi wakati wewe hujagusa liva. Yapunguze hadi kwenye alama, weka DOT 4 mpya, toa upepo. Ukiona imepona kwa hilo tu, springi isubiri mshahara mwingine.

*Fundi, yangu ni ya waya. Nimefunga springi ngumu, sasa liva iwe na uchezaji kiasi gani? — Msomaji, Makambako*

Kwenye ncha ya liva, milimita 10 hadi 15 kwa pikipiki nyingi. Pima asubuhi ikiwa ya baridi, kisha geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto: uchezaji ukipotea upande mmoja, waya umepitishwa vibaya, usihangaike na nati. Na kama ulibakiza waya wa zamani, badilisha. Springi ngumu itaukata, na utakatikia njiani.