Kabla ya daftari, mpe sado na kopo

Kuna lawama inayonifikia kila mwaka shule zikishafunguliwa. Mzazi anakuja darasani, anatoa daftari kwenye begi la mwanawe na kulipekua ukurasa kwa ukurasa. Jeupe. "Mwalimu, wa jirani yangu ana miaka minne tu, kashajaza madaftari mawili ya a, e, i, o, u. Huyu wangu kutwa anachezea mchanga."

Ni kweli anachezea mchanga. Nafundisha chekechea Kirumba, jijini Mwanza, na kwenye kona ya darasa langu kuna beseni la mchanga mkavu, sado kuukuu (kile kindoo cha kupimia sokoni), makopo ya ukubwa tofauti na chupa za maji zilizokatwa. Wazazi wengi huku wanauza au kununua dagaa soko la Mwaloni, kwa hiyo watoto hawahitaji kuelekezwa mchezo. Mmoja anakuwa muuzaji, mwingine mteja, na muda si mrefu ugomvi umezuka: muuzaji amesawazisha kopo kwa kiganja, mteja analitaka lifurike. "Hujaniwekea nyongeza!" Hapo ndipo ninaposogea, lakini siamui kesi. Nauliza tu: hii sado mnadhani itajaa kwa makopo mangapi? Mmoja anasema matano, mwingine anasema mia. Wanapima. Makopo yaliyosawazishwa yanatoa jibu moja, yaliyofurika yanatoa lingine, na ubishi unaanza upya, safari hii ukiwa na hesabu ndani yake. Mtoto aliyepitia ubishi huo, mwalimu wa darasa la pili akija kumwambia kwamba kipimo lazima kiwe kilekile ndipo ulinganishe, hamwambii jambo geni.

Ninachowashauri wazazi na walimu wenzangu ni hiki: wewe chagua vitu, mtoto achague la kufanya navyo. Wengine wakisikia mtoto aongoze wanafikiri ni darasa la vurugu. Sivyo. Mchanga haurushwi, kopo la mwenzako halinyang'anywi, na ukimaliza unarudisha mahali pake. Hayo nayasema mimi, na sibembelezi. Ila kama leo anataka kona ya udongo na jana alikuwa huko huko, na juzi pia, namwacha. Bado kuna kitu anakitafuta.

Na ukishauliza swali, nyamaza. Kwa sisi walimu hili ni gumu kuliko yote. Tunauliza "hii rangi gani?" huku jibu tunalo, na mtoto anajua tunalo, basi anasoma uso wetu badala ya kutazama kitu chenyewe. Muulize jambo ambalo lazima alijaribu ndipo alijue, kisha mpe nafasi. Ukimya wa mtoto anayefikiri unaonekana mrefu kwa mtu mzima tu.

Nikupe mfano wa mijusi. Nyuma ya darasa letu kuna mawe makubwa, kama ilivyo nusu ya jiji hili, na juu yake wanaota jua wale mijusi ambao dume ana kichwa chekundu na mwili wa buluu. Kitaalamu wanaitwa Agama mwanzae, jina la Mwanza limo humo humo. Nilikuwa nimeandaa somo la maumbo: duara, pembetatu, mraba. Watoto wote wakawa dirishani, mjusi anapiga pushapu juu ya jiwe. Nikaweka maumbo kando, tukatoka nje. Kwa siku kadhaa hatukuwa na habari nyingine. Waligundua wenyewe kwamba asubuhi ya mawingu mijusi hawatoki, na mmoja akagusa jiwe la kivulini na la juani, akaja kutuambia lile la juani "limepikwa". Walibishana kama wale wa kahawia ni watoto au ni mijusi wa aina nyingine. Nikawaambia wengi wao ni majike, na madume wadogo nao hufanana nao. Wakachora. Kisha mmoja akaleta mchoro wake akataka niandike chini yake "mjusi". Mwingine, ambaye jina lake linaanza na M, akapiga kelele: "Hiyo ni ya kwangu!" Siku ile herufi M iliandikwa ukutani, ubaoni na mchangani na watoto ambao hakuna aliyewaambia waandike.

Daftari jeupe, sawa. Lakini M waliijua.

Sasa suala la mkono. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8, na kwa mtoto wa miaka 4 baadhi yake bado ni gegedu, haijawa mfupa kamili. Kumshikiza penseli saa nzima anakili mistari ni kumchosha bure. Vidole vinakomazwa na kazi nyingine kwanza: kuchambua mchele, kumenya karanga, kukamua kitambaa, kufinyanga udongo, kucheza mdako. Mama anayemwita mwanawe jikoni amsaidie kuchambua maharage anamfundisha kuandika kuliko anavyodhani.

Husemwa pia kwamba haya ni mambo ya shule za ada kubwa. Lakini Maria Montessori, daktari wa Italia ambaye shule nyingi za namna hii zinaitwa kwa jina lake, alifungua shule yake ya kwanza, "Nyumba ya Watoto", mwaka 1907 katika San Lorenzo, mtaa wa maskini jijini Roma, kwa watoto wa vibarua. Na mtaala wetu wenyewe wa elimu ya awali unasisitiza michezo na kona za ujifunzaji. Kwa hiyo mwalimu wa shule ya serikali anayepanga kona hajaasi chochote. Tatizo lake ni idadi ya watoto, na hapo simlaumu. Mwenye darasa lililofurika aanze na kona moja, kundi moja moja kwa zamu, huku wengine wakiimba au wakicheza nje na msaidizi.

Kuna mambo mawili ambayo sina utani nayo. La kwanza ni ziwa. Watoto wetu wanalipenda, na usinipelekee kikundi cha watoto wa chekechea kuchezea maji ufukweni eti wajifunze kwa vitendo. Kichocho kipo, vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya aliyeingia majini, hata kama hakunywa tone. Na kuzama ni suala la dakika chache. Mchezo wa maji ufanyike kwa maji ya bomba kwenye beseni, mtu mzima akiwa amesimama hapo hapo, na beseni limwagwe mchezo ukiisha. La pili ni vitu vidogo. Maharage, shanga na vizibo si vya mtoto wa chini ya miaka 3, na hata wa miaka 4 mwangalie. Harage likiingia puani, usilichokonoe kwa kijiti, utalisukuma ndani zaidi. Mpeleke zahanati.

Kwa mzazi ambaye bado anataka kitu cha kushika mkononi, nimepata njia inayotupatanisha. Kila mtoto ana bahasha ya michoro yake, na chini ya mchoro naandika maneno aliyoyasema mwenyewe, kama alivyoyasema, hata kama ni "mjusi anakula jua". Mwisho wa muhula tunaipanga mezani, mzazi anaona jinsi mkono ulivyobadilika tangu Januari. Ukitaka kujaribu nyumbani, tarehe iandikwe nyuma ya kila karatasi siku ile ile, maana baada ya miezi miwili hutakumbuka mchoro upi ulitangulia.