Paipu mpya ya breki ipitishwe wapi kwenye shokapu ya mbele?

SWALI: Ndugu Mhariri, pikipiki yangu ina diski moja mbele, na shokapu zake ni zile za kawaida zenye bomba la kromu juu na mguu wa alumini chini. Mwezi uliopita niliutoa mpira wa breki uliokuja na pikipiki kwa kuwa ulikuwa umeanza kupasuka ngozi, nikafunga paipu iliyosukwa kwa nyuzi za chuma, isiyo ya kiwandani. Kishikizo cha zamani hakikuibana kwa sababu paipu hii ni nyembamba, kwa hiyo niliifunga kwa kamba mbili za plastiki, moja kwenye bomba la kromu na nyingine kwenye mguu. Sasa naona mambo matatu. Madigadi imechimbika mfereji mwembamba pale paipu inapoigusa. Nikikata usukani hadi mwisho upande wa kulia, paipu inakaza. Na kwenye bolti ya juu, inapoungana na masta silinda (pampu ya breki iliyo kwenye usukani), kuna unyevu kila asubuhi. Je, nikaze kila kitu zaidi, au nilikosea njia tangu mwanzo?

JIBU: Ndugu msomaji, tunakuomba kwanza usiiendeshe pikipiki hiyo hadi unyevu huo upatiwe dawa. Mafuta ya breki yanayojipenyeza taratibu wakati breki imetulia yatatoka kwa kasi zaidi siku utakapoubana mkono wa breki kwa nguvu zako zote, na siku hiyo ndiyo utakayoihitaji breki kuliko siku nyingine yoyote.

Njia ndiyo uliyoikosea, na mambo yako matatu yana mzizi mmoja. Sehemu ya juu ya shokapu hugeuka pamoja na usukani, lakini haipandi wala kushuka pamoja na gurudumu. Mguu, kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) na madigadi hupanda na kushuka, kwa mwendo unaofika takriban milimita 120 katika pikipiki nyingi za barabarani na karibu 300 katika zile za motocross, yaani za mashindano ya njia za vumbi. Paipu inaunganisha pande hizo mbili, kwa hiyo haina budi kushikizwa juu kwenye kitu cha juu, yaani bamba la chini linalobana mabomba yote mawili ya kromu, na kushikizwa chini kwenye mguu au kwenye bolti ya madigadi. Katikati iachwe huru kabisa, ikiwa na mkunjo mpana unaotazama mbele au nje, mbali na tairi, spoku na diski.

Kamba uliyoifunga kwenye bomba la kromu ikate leo hii. Bomba hilo huingia ndani ya mguu kila unapopita kwenye shimo, na mguu unapopanda huigonga kamba na kuivuta paipu. Baya zaidi, vumbi hujikusanya chini ya plastiki na kuikwaruza kromu. Sili ya oili ikipita juu ya mkwaruzo huo mara nyingi huchanika, oili ikaanza kuteremka mguuni kuelekea kwenye diski na pedi.

Kuhusu urefu, bila shaka ulipima pikipiki ikiwa imesimama kwa magurudumu yote mawili. Hapo uzito wake wenyewe umekwisha kuibonyeza shokapu kiasi, na paipu huonekana ina nafasi ya kutosha. Weka jeki chini ya injini uinue hadi gurudumu la mbele lining'inie, kisha kata usukani hadi mwisho kushoto na kulia. Hiyo ndiyo hali ambayo paipu hutakiwa kuwa ndefu kuliko wakati wowote, na hata hapo isikaze wala kuvuta kiungo chake. Baada ya hapo shusha, uibonyeze shokapu hadi karibu na mwisho kwa mikanda ya kufungia mizigo iliyovutwa kutoka kwenye usukani, na uutazame mkunjo unaelekea wapi. Paipu isipotosha gurudumu likining'inia, hakuna ujanja wa kuipitisha utakaoirefusha, nunua nyingine.

Mfereji wa kwenye madigadi usikushangaze. Nyuzi za chuma zikitikisika juu ya plastiki, alumini au ngozi ya nyaya za umeme hufanya kazi ya tupa, na hukata kila kinachoguswa zaidi ya mara moja. Paipu yenye ganda la plastiki juu ya nyuzi hukwaruza kidogo, lakini nayo haifai kuachwa ikisugua. Tumia vishikizo vya chuma vyenye mpira ndani, vinavyolingana na unene wa paipu hiyo. Kama huvipati, vika paipu kipande cha mpira laini pale inaposhikwa na kishikizo cha zamani. Kamba ya plastiki inafaa kusaidia tu, isiwe ndiyo inayobeba kazi yote.

Sasa turudi kwenye unyevu. Kila usukani ulipokatwa kulia, paipu ilikivuta kiungo upande, na huenda hiyo ndiyo iliyofungua njia ya mafuta. Kukaza zaidi hakutasaidia, kwa kuwa washa ya shaba iliyokwisha kubonyezwa haizibi tena vizuri, na bolti yenye tundu katikati hukatika upesi. Fungua, weka washa mbili mpya, moja kila upande wa kiungo, na uhakikishe bolti ni ya kipimo cha masta yako: hatua ya uzi, yaani umbali kati ya uzi mmoja na unaofuata, huwa milimita 1.0 au 1.25, na bolti ya aina moja ikilazimishwa kwenye tundu la aina nyingine huharibu uzi wa masta nzima. Shika kiungo kwa mkono kisizunguke unapokaza, ukifuata nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki yako. Kisha toa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki, bana mkono wa breki kwa nguvu kwa dakika moja, na upapase viungo vyote kwa karatasi kavu. Mafuta yaliyomwagika kwenye rangi yaoshe mara moja kwa maji mengi.

SWALI: Je, mambo ni hayo hayo kwa shokapu zilizopinduliwa?

JIBU: Kanuni ni ile ile, ila kromu imehamia chini, karibu na gurudumu, kwa hiyo paipu inayolegea inaweza kuisugua moja kwa moja. Ishikize chini kwenye kitako cha shokapu na kwenye kinga ya plastiki inayosogea pamoja nacho, ikiwa upande wa nje wa kinga hiyo, na juu ipite kwenye pete ya kuongozea iliyo kwenye bamba la chini. Pete hiyo iwe pana kiasi cha kuiacha paipu iteleze.