Pensheni ya kazi nzito Austria: jibu langu kwa mnaotaka kuja

Wadogo zangu, mmeniuliza kama ni kweli kwamba hapa Austria fundi wa zege anastaafu na miaka 60 huku wa ofisini akingoja 65. Ni kweli, sheria hiyo ipo tangu 2007. Lakini anayepanga kuja kwa kuitegemea anisikilize kwanza, kabla hajauza kiwanja.

Kinachotakiwa ni miaka 45 ya bima, na katika 20 ya mwisho, 10 iwe ya kazi nzito. Uzito wenyewe una kipimo: kwa mwanamume ni kuunguza kilokalori 2000 kwa saa 8, kwa mwanamke 1400. Zamu za kupokezana usiku na mchana zinaingia, vyumba vya kugandisha vyenye baridi inayopita nyuzi 21 chini ya sifuri vinaingia, na tangu 2026 uuguzi nao umo. Hapo kwenye 10 wageni hatukwami, maana kazi tunazopewa ndizo hizo.

Tunakwama kwenye 45. Kijana wa hapa aliyeanza uanagenzi na miaka 15 anaifikisha akiwa na 60. Wewe ukiingia na miaka 30, utaifikisha na 75! Miaka uliyotumikia nyumbani haihesabiwi. Basi utangoja 65 sawa na karani, ilhali mgongo wako umechoka zamani.

Tazameni hesabu. Mchango wa pensheni ni 22.8% ya mshahara: 10.25 yako, 12.55 ya mwajiri. Kila mwaka akaunti yako ya pensheni inaandikiwa 1.78% ya kipato cha mwaka huo, na jumla yake ndiyo pensheni yako ya mwaka. Mwenye miaka 45 ya bima anafikia 80% ya wastani wa kipato chake. Akitoka na 60 anakatwa 1.8% kwa kila mwaka aliouwahi, jumla 9%, anabaki na karibu 73%. Wewe mwenye miaka 35 ya bima, ukitoka na umri wa 65, una 62%. Si haba, na inalipwa mara 14 kwa mwaka.

Ila makato hayo ni madogo mno kufidia miaka mitano ya kulipwa mapema. Pengo linazibwa na michango ya wote pamoja na hazina ya serikali, nasi tusioipata tunachangia kwa asilimia ile ile. Hilo linaniuma. Tena mwajiri anayechosha watu halipi zaidi ya wa ofisi, isipokuwa kwa kazi nzito za usiku zilizotajwa kisheria, ambako anaongeza 3.8%. Mimi ningetaka nyongeza hiyo ihusu kila kazi nzito. Bila kuguswa mfukoni, hana haraka ya kuleta mashine ya kunyanyulia mizigo.

Anayekuja hata hivyo, aje kijana, aandikishwe bima tangu siku ya kwanza, akatae kabisa kulipwa mkononi. Mwezi wa kazi nzito kwa kawaida unahesabiwa ukifanya angalau siku 15, kwa hiyo tunza hati za mshahara na ratiba za zamu. Ukifika 50, iombe taasisi ya bima ya pensheni ikuhakikishie miezi yako ungali kazini, wakati wenzako wanaoweza kukushuhudia bado wapo.