Nataka kuacha vidonge lakini naogopa nisije nikalazwa kwa nguvu

SWALI: Assalam aleikum dokta. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Likoni. Nilipojifungua huyu wa pili depresheni ilinishika vibaya, nikaandikiwa sertralini, dawa ya depresheni, nikaanza na miligramu 50 wakapandisha 100, na kusema kweli zilinitoa mahali. Sasa yapata mwaka, nalala vizuri, nacheka, nikaona kwani namezea nini tena. Ramadhani ilipoingia nikaziacha zote siku moja, sikumwambia mtu. Siku ya tatu kichwa kikaanza kama chapigwa shoti, nikigeuza macho tu zzzt, kizunguzungu, ndoto za ajabu, na watoto nawafokea kwa kitu kidogo. Mume ataka nirudi kliniki lakini mimi siendi, manake binamu yangu alifungwa kamba akatiwa kwenye gari la jirani akapelekwa hospitali na hakutoka mapema. Nikiwaambia nimeacha dawa si watasema nimerudiwa wanilaze? Mama Wawili, Likoni.

JIBU: Waaleikum salam Mama Wawili. Nianze na hizo shoti kwanza maana najua ndizo zinakutisha. Hujarukwa na akili na dalili ulizoandika sio za ugonjwa kurudi, ni mwili unalalamika umenyang'anywa dawa ghafla. Hizi dawa mwili unazizoea, sio kwa maana ya ulevi kwamba utazitamani uzitafute usiku, ila ubongo umejipanga nazo miezi yote hiyo halafu siku moja hazipo. Ndio maana ukapata shoti, kizunguzungu, ndoto nzito, hasira, na wengine hupata kichefuchefu au jasho au mafua yasiyo mafua.

Angalia siku zenyewe. Mambo ya kuacha dawa huja upesi, siku mbili tatu nne hivi, na huja na vitu ambavyo hukuwa navyo hata ulipokuwa mgonjwa, hebu jiulize, ulipokuwa na depresheni ulikuwa unapigwa shoti kichwani? Depresheni ikirudi huwa haina haraka, inanyemelea kwa wiki, usingizi unaharibika kidogo kidogo, mtoto analia unamtazama tu, chakula hakipiti, unaanza tena kujiona huna faida. Jambo jingine, ukirudishiwa dozi yako, dalili za kuacha hupungua ndani ya siku chache, lakini depresheni haiondoki haraka hivyo. Mweleze daktari hivi hivi ulivyonieleza mimi, tarehe uliyoacha na siku shoti zilipoanza, atakuelewa.

Usijirudishie mwenyewe 100 wala usigawane na jirani. Nenda wiki hii. Mara nyingi watakurudisha kwenye dozi ukae sawa kwanza, halafu mshuke pamoja, tuseme 100 kuja 75, kisha 50, kisha 25, kila ngazi wiki mbili mpaka nne, na ukiyumba mnasimama hapo hapo hamkimbizani na mtu. Watu wengi wanakosea mwishoni. Wanashuka vizuri mpaka 25 wanasema aah hii ndogo natupa, kumbe hapo ndipo panapouma. Mwaka 2019 jarida la Lancet Psychiatry lilitoa makala ya watafiti Mark Horowitz na David Taylor wakieleza kwamba hata dozi ndogo bado inashika sehemu kubwa ya kazi kwenye ubongo, kwa hiyo kutoka 25 kwenda sifuri kunaweza kuwa mshuko mkubwa kuliko kutoka 100 kwenda 75. Usione haya kuomba 12.5, yaani nusu ya 25, kabla ya kuacha kabisa. (Msomaji unayemeza fluoksetini, dawa nyingine ya depresheni, yako inakaa mwilini muda mrefu sana kwa hiyo kuacha huwa kwepesi kidogo. Paroksetini na venlafaksini, nazo za depresheni, ndizo zenye vurugu zaidi, hizo usizichezee.)

Na huenda daktari akakubali tu uache. Miongozo mingi inasema kwa aliyeugua mara ya kwanza aendelee angalau miezi 6 baada ya kupata nafuu kamili, wewe kwa maelezo yako huenda umeshafika. Hukuomba kitu cha ajabu. Mfungo nao usiwe sababu, hiki ni kidonge kimoja kwa siku, kinamezwa baada ya futari au wakati wa daku, na mgonjwa ana ruhusa yake inajulikana, muulize sheikh wako.

Tuje kwenye kulazwa. Kusema nimeacha dawa, au nataka kuacha, sio sababu ya kumlaza mtu. Kenya ina Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 na ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2022, na kwa hayo marekebisho mgonjwa ana haki ya kuelezwa tiba yake, kushiriki kuipanga, kukubali au kukataa, na kuwa na mtu wa kumwakilisha. Kulazwa bila hiari ni kwa aliye katika hatari ya karibu ya kujidhuru au kudhuru wengine, au ambaye asipotibiwa wodini atazidi kuharibika vibaya. Mama anayepika futari huku kichwa kinampiga shoti hayumo.

Lakini sitakudanganya kwamba karatasi na mtaa ni kitu kimoja. Kamba uliyoiona kwa binamu yako haikutoka kwenye sheria, mara nyingi ni familia imeogopa, imechelewa, imeishiwa njia, na jirani mwenye gari yuko tayari. Kwa hiyo jitengenezee kinga mapema ukiwa mzima. Chukua karatasi uandike dawa unazotumia na dozi, dalili zako za mwanzo zikoje, nani aitwe kwanza, nani hutaki ahusishwe, wapi ungekubali kupelekwa ukizidiwa. Mume asaini, nakala moja iwe kwenye faili lako kliniki. Na siku ya kwenda, nenda naye. Mtu aliyekuja kwa miguu yake na mumewe na karatasi mkononi huzungumzwa naye tofauti, nimeona.

Ukikaa siku kadhaa huli hulali, ukasikia sauti, au ukapata wazo la kujidhuru wewe au mtoto, hapo usingoje apointimenti, ukiambiwa ulale wodini siku chache kubali, ukiingia kwa hiari una sauti zaidi kuliko ukiletwa.

SWALI: Dokta mimi niko Morogoro, nameza amitriptilini, moja ya dawa za depresheni. Kuna siku nawaza bora nisingekuwepo. Nikimwambia daktari ataita polisi? Nasikia ni jinai. Na sitaki kulazwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Msomaji.

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na asante kwa kusema. Ulichosikia kina ukweli nusu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Kuwaza, na kumwambia daktari unawaza, sio kujaribu, ni dalili kama homa ilivyo dalili, na kuuliza hilo swali ni kazi yake ya kila siku. Wenzetu Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, Mahakama Kuu ikasema Januari 2025 kinapingana na katiba.

Mirembe ya Dodoma ipo tangu 1927 na watu wameigeuza tusi, lakini wengi wenye mawazo kama yako hutibiwa hospitali ya mkoa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Amitriptilini usiiache ghafla wala usiongeze. Vidonge vyote ulivyonavyo mpe leo ndugu unayemwamini akutunzie, awe anakupa vya siku moja moja, na umwambie kwa nini. Kama wazo limeshakuwa na mpango, usilale peke yako na usingoje kesho, nenda na mtu mapokezi ya dharura ya hospitali yoyote iliyo karibu hata kama ni saa nane za usiku.