Jibu: Dawa za TB ya mgongo hazimsaidii mama, sasa wanataka kumchukua kinyama

Pole mkuu, na pole kwa mama. Umesema yuko kwenye dawa za TB ya mgongo miezi kadhaa, maumivu yanazidi, na sasa daktari anataka kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha pingili ya mgongo cha kupima. Unauliza mkubali au mkatae. Kubalini.

Mimi ni mtu wa maabara. Kilichonishtua ni jambo ulilolitaja juujuu: mama ana kisukari, na mwaka jana alilazwa ICU akiwa na mpira wa mshipa wa damu shingoni huku akichomwa antibayotiki kali. Kandida hupenda mazingira hayo. Fangasi huyu huingia kwenye damu, hujificha kwenye diski (mto ulio kati ya pingili), na mgongo unaweza kuanza kuuma miezi mingi baadaye. Sisemi ndiye anayemsumbua, nasema atafutwe. MRI peke yake haitawaamulia, picha za TB na za fangasi hufanana mno.

Sasa sikia hili. Muulizeni daktari mapema kinyama kitagawanywaje. Huwa tunaletewa kipande chote kimezamishwa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Patholojia, wanaokagua nyama kwa hadubini, wanaihitaji, lakini fomalini inaua vimelea, hatuwezi tena kuotesha (kukuza vimelea maabara) chochote. Kipande kingine kiwekwe kwenye kichupa safi chenye normal saline (maji ya chumvi ya hospitali), na fomu iandikwe GeneXpert (kipimo cha haraka cha TB), kuotesha TB, bakteria NA FANGASI. Fangasi asipoandikwa, mara nyingi hatafutwi. Kandida huota ndani ya siku chache, fangasi wengine huchukua wiki.

Kandida akikutwa, tiba inayotumika sana ni flukonazoli, kwa kawaida miligramu 400 kwa siku, miezi 6 hadi 12. Ndiyo, kidonge kilekile cha fangasi wa ukeni, ila msijinunulie dukani: kuna kandida sugu kwake, na wagonjwa wengine huanza na dawa ya mshipani. Ini lipimwe mara kwa mara.

Mkumbusheni daktari dawa zote anazomeza. Rifampisini, ile dawa ya TB inayogeuza mkojo rangi ya chungwa, hupunguza nguvu ya flukonazoli. Lakini msiache dawa za TB kwa uamuzi wenu. Na kama anatumia glibenklamidi, kidonge cha kisukari, akiichanganya na flukonazoli sukari inaweza kushuka vibaya.

Miguu ikianza kulegea au mkojo ukigoma, msisubiri tarehe ya kinyama. Mpelekeni dharura usiku huohuo, huenda akahitaji upasuaji.