Gitaa la kujitengenezea linalopotoka sauti

SWALI: Mhariri, nimemaliza kujiundia gitaa la umeme nyumbani. Kutoka kwenye kizingiti, yaani kile kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa, hadi darajani, pale nyuzi zinapoegemea mwilini, ni milimita 648. Nyuzi zikipigwa wazi zinapatana vyema, lakini kadiri ninavyosogea kuelekea mwili wa gitaa ndivyo noti zinavyozidi kupanda kupita kiasi. Daraja nimelifunga milimita 324 kamili baada ya freti ya 12, yaani kile kipande cha chuma cha 12 kilichokatiza shingo. Je, ning'oe shingo nianze upya?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usiiguse shingo kwanza, maana maelezo yako yenyewe yananipeleka kwenye daraja. Ni kweli kwamba freti ya 12 hukaa katikati ya urefu uliokusudiwa, lakini uzi unapobonyezwa huvutika kidogo, na uzi uliovutika hutoa sauti ya juu zaidi. Ndiyo sababu daraja husogezwa nyuma, milimita moja au mbili kwa uzi mwembamba kabisa, na zaidi ya hapo kwa nyuzi nene.

Funga nyuzi mpya, kwani nyuzi kuukuu hudanganya sikio. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, kisha ubonyeze hapo hapo na upige tena. Sauti ya pili ikiwa juu kuliko ya kwanza, rudisha nyuma kikalio, yaani kipande kidogo cha daraja kinachoubeba uzi huo; ikiwa chini, kisogeze mbele. Skurubu za kukisogeza zikifika mwisho kabla sauti hazijalingana, itakubidi uhamishe daraja lenyewe, uzibe matundu ya zamani kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi, ndipo utoboe upya.

Iwapo freti ya 12 italingana na nyingine zikabaki zimepotoka, hapo zipime. Gawanya 648 kwa 17.817, namba inayotumika kupangia freti, upate takriban milimita 36.37, ambayo ni nafasi ya freti ya kwanza. Kilichobaki kigawanye tena kwa namba ile ile, upate 34.33, na kuendelea. Jumlisha nafasi hizo na upime kila freti kuanzia kizingitini, wala si kutoka freti moja hadi nyingine, kwa sababu nusu milimita iliyokosewa mwanzoni huhamia kwenye freti zote zinazofuata. Noti za freti za mwanzo pekee zikiwa juu, mifereji ya kizingiti haina kina cha kutosha. Ichonge polepole kwa tupa nyembamba, kwani ukipitiliza, uzi utagonga freti ya kwanza.