Mtoto njiti wa miezi 9 hajakaa, fizio atamsaidiaje?

SWALI: Habari, mwanangu ana miezi 9 na nusu, alizaliwa njiti wiki ya 32, hajakaa mwenyewe na vitu anashika kwa mkono wa kulia tu. Kliniki wamesema nimpeleke fiziotherapia ila bibi yake anasema huko ni kunyooshwa viungo tu, bora nimnunulie waka (kile kigari cha kumfundishia mtoto kutembea). Ni kweli?

JIBU: Hongera kwa kulea njiti mama, si mchezo. Tuanze na umri, njiti tunamhesabia toka tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, na tunaenda hivyo mpaka miaka 2, sasa wako aliwahi wiki 8 kwahiyo kwetu sisi ana kama miezi 7 na nusu, na kwa vipimo vya WHO watoto wengi wanakaa bila kushikiliwa kati ya miezi 4 na 9 hivi. Kukaa hakunitishi bado.

Kinachonitisha ni huo mkono. Mtoto hajafika mwaka halafu ana mkono anaouchagua, hiyo ni dalili kwamba upande wa pili huenda una shida, usisubiri eti atachangamka, mpeleke wiki hii hii na daktari wa watoto amwone pia.

Bibi naye ana hoja, kunyoosha peke yake hakumfundishi mtoto kitu maana anayefanya kazi ni mnyooshaji. Ubongo mchanga unajifunza kwa kile mtoto anachojaribu mwenyewe tena na tena, ndo maana fizio atamkalisha amemshika kifuani, toi anaiweka upande wa kushoto mbali kidogo, mtoto ainame ayumbe arudi, akizoea mikono ya fizio inashuka kiunoni, halafu kwenye nyonga, mwisho anaachiwa. Nyumbani ndo kazi yenyewe sasa, mlaze kifudifudi akiwa macho (WHO wanasema angalau dakika 30 kwa siku, mnazigawa gawa), ukimvalisha nepi mgeuze kwa ubavu ajisukume, vitu mpe kushoto.

Waka usinunue kabisa! Haimfundishi kutembea na inaangusha watoto kwenye ngazi, Canada walipiga marufuku kuziuza toka 2004.

Na umrekodi video akicheza nyumbani uende nayo, maana wengi wakifika kwetu ni kulia tu au wanalala.